Mpaka Usiokuwa na Tumbo

Bukavu, 9 Oktoba 2000

Mheshimiwa Profesa Komba,

Usishangae kwamba nakuandikia kwa Kiswahili. Kifaransa nimeambiwa hukisomi, na Kiingereza changu ni cha kusoma tu, tena na kamusi mkononi. Naitwa Emérence Akonkwa, nina miaka ishirini na saba, nafundisha jiografia katika sekondari moja hapa Bukavu. Nataka kuja kwako kusoma shahada ya pili ya jiolojia. Nimeanza na ombi lenyewe ili usihangaike kulitafuta kurasa za mbele.

Jiolojia nilisoma Lubumbashi mpaka mwaka wa mwisho. Agosti 1998 nilikuja likizo kumwona maman, nikaacha vitabu vyangu juu ya kitanda cha bweni kwa kuwa nilijua nitarudi karibuni. Vita vikaanza nikiwa hapa. Tangu wakati huo Lubumbashi iko upande mmoja wa front, mstari wa vita, na sisi upande wa pili, na hata barua haivuki. Mitihani yote nilipita, ilibaki kutetea mémoire tu, ile tasnifu ya mwisho. Kwa hiyo diploma sina, na karatasi za maksi ziko kule. Najua hilo ndilo swali la kwanza la chuo chochote, basi bora ulisikie kwangu.

Kwa nini kwako? Katika maktaba ya mapadri nilikuta makala yako ya 1991 juu ya vilima vya Bukavu. Nimeisoma mara nyingi mpaka padri anayechunga vitabu ananitania kwamba nitaolewa nayo. Uliandika kwamba kilima chetu cha Kadutu ni poromoko la zamani sana, kwamba limekwisha kufa na halisogei tena. Profesa, mimi nakaa juu yake. Papa alipokuwa hai mlango wa jiko letu ulifunga vizuri. Sasa haufungi. Kila msimu wa mvua fundi anakuja kuukata kidogo, anakwenda zake, na baada ya muda haufungi tena. Nataka sana kujua kati ya mlango na makala ni nani anayekosea. Nisamehe kama nimevuka adabu.

Posta hapa imekufa. Barua hii inasafiri kwa mkono mpaka Bujumbura kwa mdogo wangu Laurette, anayefanya kazi katika famasi, naye ndiye anaiposti. Jibu lipitie kwake, tafadhali.

Emérence Akonkwa


Dar es Salaam, 21 Novemba 2000

Bi Emérence,

Salaam. Waombaji huniletea vyeti, huniletea salamu za wajomba zao mawaziri, na mmoja aliwahi kuniletea jogoo. Hakuna aliyewahi kuniletea mlango wa jiko kama shahidi dhidi yangu. Nimecheka, kisha nikaenda kuitafuta makala yangu nione niliandika nini hasa.

Tuanze na yale yasiyochekesha. Chuo chetu kinataka shahada ya kwanza yenye daraja zuri, nakala ya matokeo iliyothibitishwa, wadhamini wawili wanaoijua kazi yako, pendekezo la utafiti, na Kiingereza cha kutosha kuandikia tasnifu. Kwa hesabu yangu, katika hayo yote unayo hamu peke yake. Lakini sheria zetu zina mlango wa pembeni: mtu asiyeweza kufikia vyeti vyake kwa sababu zisizo zake anaweza kupimwa kwa utafiti aliofanya mwenyewe uwandani, chini ya uangalizi wa mwalimu wa idara. Kamati ya udahili inakaa Juni. Mwalimu huyo naweza kuwa mimi.

Sasa kilima. Nilifika Bukavu mara moja tu, 1988. Nilikaa siku mbili, zote za mvua. Niliporudi nilikaa miaka na picha zilizopigwa kutoka ndegeni enzi za Wabelgiji, mpaka mke wangu akauliza huyo Kadutu ni nani. Nilichokiona ni hiki: mawe ya volkeno yameoza yakawa udongo mfinyanzi, mlima ukamegeka, ukateremka, ukatulia, na yote hayo kabla mtu yeyote hajajenga hapo. Bado naamini hivyo. Milango huharibika kwa sababu nyingi.

Ila kuamini si kupima. Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta mwamba wa kweli pande zote mbili za kilima, nje ya sehemu iliyoporomoka. Nyosha kamba, kipande kwa kipande, kutoka mwamba hadi mwamba, na chini ya kamba panda vyuma, nondo zile za kujengea, kwenda chini kabisa. Kila mwezi nyosha kamba upya, upime kila chuma kimeachana nayo kiasi gani. Kilima kikisogea, mstari wako utatoa tumbo kuelekea bondeni. Kikiwa kimekufa, utabaki umenyooka. Kazi yenyewe ni hiyo tu, na mtu mvivu haiwezi.

A. Komba


Bukavu, 12 Februari 2001

Mheshimiwa Profesa,

Vyuma vimepandwa tangu katikati ya Desemba. Mwamba wa kwanza uko nyuma ya kanisa, wa pili uko chini ya tangi la maji. Mstari unafuata njia ya mpaka kati ya parsele, yaani viwanja, za juu na parsele za chini, kwa sababu ndiyo njia peke yake isiyo na nyumba juu yake. Sehemu ya katikati ni mpaka wetu na jirani wa juu, Papa Zagabe, mzee wa miaka sabini na zaidi aliyekuwa capita, msimamizi wa kazi za barabara. Nilipomwomba ruhusa alifurahi kunipita mimi. Alinisaidia kugongea vyuma, akisema papa yangu angekuwa hai angefurahi kuona hivyo. Askari mmoja alipita akauliza kama tunatega antena ya kuongea na adui. Papa Zagabe alimwonyesha kamba na kumwuliza kama adui wake anaongea kwa kamba. Nilidhani tutalala gerezani, kumbe yule askari alicheka.

Nimepima Januari na Februari. Profesa, hakuna kitu. Mvua imenyesha mpaka barabara ya kwenda Kavumu imekatika, lakini vyuma vimenyooka chini ya kamba kama wanafunzi wangu siku ya inspekta. Nimerudia kupima, nikambadilisha anayeshika upande wa pili wa kamba, nikapata yale yale.

Na mlango? Tangu Noeli haufungi kabisa, tunauegemeza jiwe. Ukuta wa jiko umepasuka, naweza kupitisha vidole. Nimekaa mbele ya ufa huo nikiuangalia mpaka maman akaniuliza kama ninausalia. Sielewi ardhi gani inayovunja jiko bila kusogeza chuma kilichoko hatua chache tu juu yake. Nakuambia ukweli, nilitamani tumbo. Unieleze ninachokosa kuona.

Emérence Akonkwa


Dar es Salaam, 26 Machi 2001

Bi Emérence,

Usichokiona ni kwamba mwalimu wako alikuwa sahihi! Niache nifurahi kidogo, katika umri wangu furaha za namna hii hazibishi hodi kila siku. Msimu mzima wa mvua kubwa na mstari haujatikisika. Hizo sifuri zako ni nzuri mno, nimezibandika ukutani ofisini.

Kuhusu jiko: nyumba iliyojengwa juu ya udongo mfinyanzi huvimba na kunywea nao, mvua na kiangazi. Msingi mwembamba, ukuta mzito, ufa. Jiko lako linaumwa, kilima hakina ugonjwa. Naelewa ulitamani lingine. Mtafiti hutamani, kisha hupima, kisha hunyamazia matamanio yake.

Endelea hadi Mei, uniletee jedwali lote. Nitaliwasilisha Juni pamoja na maelezo yangu. Nimekwisha kudokeza kwa wenzangu kwamba nina mwanafunzi Bukavu, na kuna ufadhili wa mradi unaoweza kukubeba miaka yote miwili. Jiandae kufungasha.

A. Komba


Bukavu, 20 Mei 2001

Laurette mdogo wangu,

Jedwali la Profesa ulilituma wiki mbili zilizopita, sivyo? Sasa nakutumia barua nyingine ya kumfuata mbio. Acha nikueleze.

Jumapili hii sikukaa misa ya pili. Nilitoka na misa ya asubuhi nikapita njia ya mpaka, siku ambayo si yangu ya kupima. Nikamkuta Papa Zagabe amepiga magoti katika nguo zake za kanisa, nyundo mkononi, kamba ameifunga chuma hadi chuma. Anang'oa kimoja, anakisogeza upande wake, anakigongea tena, anarudisha majani juu yake vizuri kana kwamba hapakuguswa.

"Papa Zagabe, uko nafanya nini?"

"Niko natengeneza mupaka, mwanangu. Byuma byako binatembea."

"Binatembea namna gani?"

"Mvua ikinyesha, binashuka kwenu. Mimi nabirudisha byote, mustari muzima. Mupaka haina tumbo."

"Tangu wakati gani unabirudisha?"

"Tangu ulibipanda! Papa yako, mbele ya kufa, alinipatia mukono. Akasema, Zagabe, uchungie bibi yangu mupaka. Sasa byuma bikiingia mu shamba ya mama yako, parsele yangu njo inakuwa kubwa. Batu batasema nini? Batasema Zagabe anakula mujane."

Laurette, unamjua huyu mzee. Katika mji huu ambamo kila mwenye bunduki anapanda borne yake, alama ya mpaka, katika shamba la mtu, yeye alidhani nimepanda borne, na akawa anazirudisha ndani ya parsele yake mwenyewe asije akatuibia kipande cha maharagwe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia, kwa sababu nilielewa sifuri zangu zimetoka wapi.

Kilima kinatembea. Makala imekosea, jedwali limekosea, na mimi nimemtumia Profesa miezi mitano ya nyundo ya Papa Zagabe nikiita utafiti. Yeye amefurahi sana, Laurette, ameandika kama mtoto aliyepewa peremende. Nikimwambia, nafasi inakwenda na pengine haitarudi. Nisipomwambia, nitakwenda kusoma Dar es Salaam huku maman na mtaa mzima wanalala juu ya kilima ambacho karatasi yangu inasema kimekufa. Siwezi. Nimemwandikia yote, barua hii hapa ndani. Iposti leo leo, kabla moyo wangu haujabadilika.

Yaya yako, dada yako mkubwa,
Emérence


Dar es Salaam, 2 Julai 2001

Bi Emérence,

Umekubaliwa! Kamati ilikaa wiki iliyopita. Kulikuwa na maswali juu ya vyeti, nikasimama, nikaonyesha jedwali lako, na mzee mmoja wa idara ya uhandisi akasema mtu anayeweza kuleta vipimo safi namna hii kutoka penye vita hahitaji kuulizwa cheti. Masomo yanaanza Oktoba. Barua rasmi na ya ufadhili zimefungwa humu.

Njoo na koti la mvua, utaweza kulitupa ukifika. Na umshukuru kwa niaba yangu yule mzee aliyekusaidia kugongea vyuma.

A. Komba


Bukavu, 24 Julai 2001

Laurette,

Barua ya Profesa imefika. Nilipoanza kuisoma nilimkumbatia maman, nikadhani amenipokea hata baada ya kujua. Nilipofika mwisho nikaona anamshukuru Papa Zagabe. Mtu aliyejua habari ya nyundo hawezi kuandika hivyo.

Barua yangu ya Mei iko wapi?

Emérence


Bujumbura, 3 Agosti 2001

Yaya Emérence,

Iko hapa, chini ya godoro langu. Sikuiposti.

Unikasirikie tu. Mimi ndiye ninayekaa hapa nikingoja kila wafanyabiashara wa Bukavu niwaulize kama mko hai. Mwezi wa Mei gari lililoleta barua yako lilipigwa risasi kwenye bonde, karibu na Luberizi, na bahasha ilinifikia ina matope. Nikafungua, nikasoma, nikajiambia: huyu ana mlango mmoja wa kutoka katika vita, na anataka kuufunga mwenyewe kwa ajili ya ukweli wa chuma. Nikakataa. Kilima kimekaa miaka yote hiyo, kingekaa miwili zaidi mpaka umalize shule yako.

Ukitaka kuandika tena, andika. Nitaiposti, naapa kwa jina la papa. Lakini usiniombe niseme ni akili.

Laurette


Bukavu, 15 Agosti 2001

Mheshimiwa Profesa,

Katika bahasha hii utakuta barua yangu ya Mei, ambayo ilichelewa nyumbani kwetu wenyewe, si posta. Isome kwanza. Nafasi uliyonipa imesimama juu ya jedwali la uongo, ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya. Naomba uiondoe kamatini. Imeniuma, na sitajifanya haikuniuma.

Papa Zagabe aliposikia nimepoteza shule kwa ajili yake alikataa kula siku hiyo. Kisha akaomba karatasi. Barua yake ni hii, sikugusa neno.

Emérence Akonkwa

*

Kwako Papa Profesa,

Mimi ni Zagabe, jirani ya huyu mutoto. Nakuandikia juu ya kusema kosa ni yangu, yeye hana kosa hata kidogo. Huku kwetu mutu akipanda kitu mu mustari, ni mupaka. Hatuna namna ingine ya kufikiri. Na mupaka ikipinda, mutu wa haki anairudisha. Sikujua kama kuko mupaka inapandwa juu ya kuangaliwa ikipinda. Emérence ananieleza, naitika, lakini nikiwa peke yangu inanishangaza tena.

Sasa na mimi nikuulize kitu, wewe mwenye kusoma udongo. Mwanzo nilifikiri ni batoto banacheza na byuma. Kisha nikafikiri ni mwizi. Lakini mwizi gani anasukuma mustari muzima, na anasukuma paka kushuka tu? Sijaona hata kimoja kinapanda. Kati ndiyo binashuka zaidi, pembeni kidogo tu, ku mawe hapana. Nilijiuliza miezi yote ile na sikuuliza mutu, nilikuwa na haya. Ni nini iko chini yetu?

Usimufunge mutoto mulango juu ya muzee mwenye nyundo.

Zagabe


Dar es Salaam, 24 Septemba 2001

Bi Emérence,

Nilipoisoma barua yako ya Mei nilikasirika. Nilimkasirikia mdogo wako, nikakukasirikia wewe, na zaidi ya wote nikamkasirikia mzee. Nilizibandua sifuri ukutani. Kisha nikasoma barua yake tena, pale anapouliza mwizi gani anasukuma mustari muzima, tena kushuka tu, katikati zaidi na pembeni kidogo. Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Bi Emérence, hilo ndilo tumbo. Niliyachora maneno yake kwenye karatasi na yakatoka umbo ambalo ningemchorea mwanafunzi yeyote ubaoni. Miaka kumi nimewaambia watu kilima kimekufa, kwa sababu nilikipenda kikiwa picha.

Mlango wako ulikuwa sahihi. Nimeandika sentensi hiyo kwa shida.

Nilirudi kwenye kamati, nikaondoa jedwali na kusema makala yangu haiwezi kutegemewa tena. Mhandisi yule yule akauliza sasa huyo dada aingie kwa lipi. Nikawaeleza kwamba alikuwa na nafasi na ufadhili mkononi, kisha akaandika kusema vimesimama juu ya uongo. Walibishana muda mrefu. Uamuzi ni huu: nafasi yako ya mwaka huu imefutwa, lakini inashikiliwa hadi mwakani. Leta msimu mmoja wa mvua, tangu mwanzo hadi mwisho, wa vyuma ambavyo hakuna mkono uliovigusa. Vikitoa tumbo au visipotoa, utaingia, mradi viwe vya kweli. Mkono mmoja ukigusa, imekwisha.

Wakati huo huo waambie majirani wasingoje shahada yako. Wachimbe mifereji ya kuyapeleka maji ya mvua mbali na nyufa. Wasichimbe udongo wa matofali chini ya kilima. Na usiku wa mvua kubwa maman asilale upande wa jiko.

Msalimu mzee. Mwambie swali lake ni zuri kuliko makala yangu.

A. Komba


Bukavu, 26 Mei 2002

Kwako Papa Profesa,

Emérence anakutumia hesabu yake. Ameniambia na mimi niandike ya kwangu, kama mushahidi, kwamba sikugusa.

Sikugusa.

Ulijua unaniomba nini? Tangu mvua ilianza mpaka leo nimeangalia byuma bikishuka. Siku ya Mungu nikitoka kanisa nilikuwa napita pale mikono nyuma, ile nyundo niliipeleka kwa mutoto wangu Nyangezi juu isinijaribu. Sasa byuma bya kati biko ndani ya maharagi ya mujane, kabisa mu katikati. Mutu akipita anaona mwenyewe: parsele ya Zagabe imemeza shamba ya mama Emérence.

Na batu banapita. Banasema sana. Emérence aliita mukutano, akabaeleza udongo, akabaonyesha kamba. Batu bakachimba mifereji, ile balikubali. Lakini juu ya byuma, bamoja baliitika, bengine bakasema ni maneno ya shule ya kufunika wizi wa muzee. Ndugu ya mujane alikuja, akanisimamisha mbele ya kanisa, misa ikiwa inatoka, akaniita mwizi ya bajane. Niliimba mu kwaya ya kanisa ile miaka makumi tatu. Nikasema: byuma byenyewe njo binatembea. Bakacheka. Hata mimi singejiamini.

Mujane alijua ukweli, akataka kunitetea. Nikamuambia anyamaze, asije kaka yake akang'oa byuma kwa hasira, na kazi ya mutoto ikafa. Basi nikabaki mwizi. Nilikufa haya, Papa Profesa, kila juma. Nilikuwa naomba mvua ikome.

Imekoma. Mimi nimefanya yangu. Na wewe ufanye yako.

Zagabe


Dar es Salaam, 28 Juni 2002

Mzee Zagabe,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa, na naomba isomwe mbele ya kanisa, misa ikiwa inatoka, na huyo ndugu wa mjane akiwa amesimama pale pale.

Mimi, Adalbert Komba, mwalimu wa jiolojia, nasema hivi. Kilima cha Kadutu kinasogea. Kila chuma katika mstari wa Emérence Akonkwa kimeshushwa na ardhi yenyewe, na mzee Zagabe hakuiba hata upana wa kidole. Miezi yote hiyo alivumilia kuitwa mwizi kwa sababu mimi nilimwomba asiguse. Aliyekosea juu ya kilima hiki ni mimi, na nimekwisha kuliandikia jarida kwamba nilikosea.

Emérence amepokelewa. Safari hii hakuna aliyeuliza cheti, wala mimi sikulazimika kusimama.

Mzee, sasa unaweza kuvirudisha.

A. Komba